Matundu matupu kwenye bloki ya injini ya zamani: lipi la maji, lipi la oili, lipi la kuachwa

Bloki ya gari la zamani ikishaoshwa na kupigwa brashi ya waya, hutoa matundu ambayo hakuna aliyekuwa akiyaona chini ya uchafu. Unafunga altaneta, stata, pampu ya maji na mikono ya injini, kila bolti imepata pake, na bado yamebaki matundu matano sita yenye thredi nzima na hakuna kinachoingia. Kwenye gereji nyingi za Malindi, hapo ndipo mkono unapoingia kwenye mkebe wa bolti kuukuu kutafuta itakayoshika. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Thredi itakwambia bolti gani inaingia. Haitakwambia kama bolti inatakiwa iwepo, iwe na urefu gani, wala ipakwe nini. Cha kwanza kujua ni tundu linaelekea wapi, na thredi ifuate.

Matundu haya hayakutobolewa kwa makosa. Bloki moja ilikuwa ikihudumia magari na kazi nyingi, na kiwanda kiliona nafuu kutoboa kila kitu kuliko kuwa na bloki tofauti kwa kila gari. Land Rover ni mfano mzuri. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka mwaka 1958, ile ya dizeli ya ukubwa huohuo, cc 2286, ikatoka 1961, na bloki zao zina mengi ya pamoja. Kwa hiyo bloki ya petroli inaweza kuwa na nundu za kufungia vitu ambavyo gari lako halikuwahi kuwa navyo. Ongeza magari ya usukani wa kushoto, dainamo iliyokuja kuachia nafasi altaneta, kompresa ya AC, pampu ya usukani, vishikio vya kuinulia injini, na matundu ya kushikia bloki kwenye mashine wakati wa kuchongwa. Kuna hata matundu ya kuwekea hita ya kupasha bloki kwa nchi za barafu, kitu ambacho Malindi hakina kazi kabisa.

Tundu laweza kuelekea wapi

Ziko njia nne, na kila moja ina alama zake.

La kwanza ni tundu lenye kitako. Limetobolewa ndani ya nundu ya chuma, likachongwa thredi, likaishia hapohapo. Nundu yenyewe huwa na uso uliosagwa bapa, na mara nyingi tundu haliko peke yake: yako mawili, matatu au manne ya upana mmoja, yamepangwa kama miguu ya kitu fulani. Ukiona mpangilio wa namna hiyo, karibu kila mara ni pa kufungia braketi. Haya ndiyo mengi kuliko yote na ndiyo yasiyo na hatari, ila kwa jambo moja nitakalolieleza chini.

La pili linaingia kwenye njia ya maji. Hukaa juu, ubavuni mwa silinda, kwa kuwa maji yanazunguka silinda na si krenki. Mara nyingi liko pweke, na mdomo wake umesagwa duara ndogo ya kukalia wosha, au thredi zake zinapungua upana kadiri zinavyoingia ndani. Lile la chini kabisa kwenye eneo la maji huwa la bomba la kumwagia maji ya bloki. Magari mengi ya zamani yamepoteza bomba hilo, na kilichopo leo ni bolti iliyopakwa silikoni.

La tatu linaingia kwenye njia ya oili yenye presha. Njia hii hupita kwa urefu wa bloki, na kwenye injini nyingi iko upande wa kamshafti au ule wa filta ya oili, usawa wa kati ya kamshafti na krenki. Tundu lake huwa dogo, na likiwa kwenye uso wa mbele au wa nyuma wa bloki, huwa ni mdomo wa njia yenyewe ilipotobolewa na drili ndefu. Hili ndilo la kuogopwa. Injini ikienda, humo mna psi 40 hadi 60. Kizibo kikitoka barabarani kati ya Malindi na Mambrui, oili itamwagika yote kabla hujapata pa kuegesha.

La nne linatokeza tu kwenye nafasi ya krenki au juu ya sampu, lile karai la oili chini ya injini. Hamna presha ya maana humo, bali mvuke wa oili na oili inayorushwa. Tundu hili huvuja polepole na hulaumiwa gasketi ya sampu, ambayo hubadilishwa mara tatu bure.

Tahadhari kwa wenye Land Rover 2.25: ubavuni upande wa kamshafti kuna bolti nane, moja kwa kila tapeti, zinazoshikilia gaidi za tapeti (vipande vinavyoongoza tapeti, zile zinazosukuma vali) zisizunguke. Tundu tupu kwenye mstari ule si tundu la ziada. Ni bolti iliyopotea, na injini isiwashwe bila hiyo.

Spoku, upepo, stata au kamera

Njia za kupima zinatofautiana kwa gharama na kwa ukweli zinaousema. Tukilazimishwa kuchagua moja tu kwa injini iliyo bado ndani ya gari, tunachagua spoku ya baiskeli. Ni ngumu, haipindi ovyo, ina unene wa milimita 2 hivi, na ile ncha yake iliyokunjwa ndiyo hasa inayoifanya ishinde waya mwingine. Ingiza ncha iliyonyooka kwanza, gusa mwisho, weka alama ya tepu usawa wa mdomo wa tundu, toa, pima. Bolti ya milimita 8 kwenye chuma cha kusubu huhitaji thredi za kushika kama milimita 12 tu, yaani mara moja na nusu ya upana wake. Tundu likiwa na kina cha milimita 20 hadi 25 na spoku inagota sehemu moja kila ukiigusa, hicho ni kitako. Sasa geuza, ingiza ncha iliyokunjwa. Ikifika mwisho ikapata nafasi ya kuzunguka na kunasa nyuma ya ukuta ukiivuta, tundu linatokeza kwenye uwazi.

Ipo hila moja ambayo pwani hii ina nyingi kuliko bara. Rejeta za magari ya zamani hapa zimejazwa maji ya kisima kwa miaka mingi, na maji ya visima vingi vya Malindi yana chumvi. Njia ya maji hujaa magamba ya kutu na chokaa, na tundu linalotokeza kwenye maji hupata kitako cha bandia. Spoku itagota, kina kitaonekana cha kawaida, na utaamini ni tundu la braketi. Kwa hiyo usiiguse tu, ikwaruze. Kitako cha kweli ni chuma kilichochongwa na drili: kina umbo la koni, hakitoi unga, na sauti yake ni kali. Gamba lina uso bapa au wenye vidonda, sauti yake imezubaa, na ncha ya spoku itarudi na unga mwekundu au wa kahawia. Ukilichokonoa kwa subira, litaanguka ndani na maji meusi yatafuata. Kwa sababu hiyo mwaga maji ya rejeta kabla ya kuchokonoa, na weka ndoo chini.

Upepo wa kompresa ni wa pili, na kazi yake ni kuthibitisha. Tumia bunduki ya upepo yenye ncha ya mpira inayoziba mdomo wa tundu, punguza presha hadi bar 1 au 2, vaa miwani. Fungua mfuniko wa rejeta, mfuniko wa kujazia oili, chomoa dipstiki, na ufungue filta ya oili. Sasa puliza na usikilize. Mapovu, au upepo kama maji yameshamwagwa, yakitoka kwenye rejeta, tundu ni la maji. Upepo ukitoka kwa wingi na kwa haraka kwenye dipstiki na mfuniko wa oili, ni la krenki. Ukisikia mluzi uliofifia, upepo ukatoka kwenye kitako cha filta, ni la oili yenye presha. Watu huchanganya hizi mbili za mwisho kwa sababu upepo wa njia ya oili nao hatimaye hupenya kwenye beringi ukaishia kwenye krenki. Filta ndiyo mwamuzi, ndiyo maana tumesema ifunguliwe. Upepo usipopita popote, ni kitako, au ni gamba. Rudi kwenye spoku.

Kuzungusha injini kwa stata ni jibu la haraka kwa tundu unaloshuku ni la oili, bloki ikiwa tayari ndani ya gari na huna kompresa karibu. Filta na oili viwe mahali pake. Chomoa waya mnene wa koili, au zima mafuta kama ni dizeli, shikilia kitambaa mbele ya tundu bila kuliziba, na mwenzako azungushe kwa sekunde 5 hadi 10. Njia ya presha itatema oili. Kasoro yake ni kwamba haisemi chochote kuhusu maji, na kwenye injini iliyokaa miezi bila kuwashwa pampu ya oili huchelewa kushika, ukadhani tundu ni kavu. Usiwashe injini kabisa kwa kipimo hiki.

Kamera ndogo za kuchomeka kwenye simu zimekuwa rahisi kupatikana. Zinafaa kwa matundu makubwa, inchi nusu kwenda juu. Kichwa cha kamera nyingi ni milimita 5.5, na tundu la milimita 8 lenye thredi ndani linabakiwa na nafasi ya chini ya milimita 7. Inaingia, lakini unachoona ni kivuli cha kamera yenyewe. Usiinunue kwa kazi hii peke yake.

Kitabu cha vipuri chenye michoro kinashinda vyote pale kinapopatikana, ila kiwe cha namba ya injini yako na si cha gari lako. Injini za hapa zimehamahama. Pikapu ya mwaka 1978 kuwa na injini ya mwaka 1970 si ajabu.

Thredi zinazofanana na kudanganyana

Ukishajua tundu linaelekea wapi, sasa toa geji ya thredi na kalipa. Kabla ya hapo safisha. Hewa ya bahari hapa huleta kutu ndani ya thredi, na tundu chafu litakataa bolti yake halali na kukufanya uhukumu vibaya. Dawa ya kulegeza kutu, brashi ndogo ya waya, kisha tapu ya kusafishia izungushwe kwa mkono. Usitumie tapu ambayo huna hakika nayo: tapu haikatai kama bolti inavyokataa, inakata thredi mpya juu ya za zamani, na ushahidi umekwisha.

Familia ya gari hupunguza kazi. Waingereza wa baada ya Vita vya Pili walihamia UNF na UNC, thredi za inchi, F zikiwa za karibukaribu na C za kuachana. Magari yao ya mwanzoni, Land Rover Series I zikiwemo, yana BSF na Whitworth, thredi za inchi za Kiingereza za zamani zaidi. Peugeot 404 na 504 ni za milimita, na Wafaransa wa zama hizo walipenda M7 × 1.0 (upana milimita 7, mwendo kutoka thredi hadi thredi milimita 1), bolti ambayo duka la vifaa la kawaida hapa halina. Ukiona tundu ambalo M6 inacheza na M8 haigusi, usianze kulitanua; ni M7. Toyota na Datsun ni za milimita, lakini M10 zao nyingi ni 1.25 badala ya 1.5. Volkswagen Beetle ni ya milimita, haina maji kabisa, na bloki yake ni ya aloi ya magnesi, laini kuliko chuma cha kusubu. Kila tutakachosema kuhusu kukaza, kwake punguza.

Jozi hizi ndizo zinazoharibu bloki (BSP ni thredi ya mabomba ya Kiingereza, NPT ni ya Kimarekani):

| Tundu | Bolti isiyo yake | Upana (mm) | Thredi kwa inchi | Mkono utahisi nini |
|---|---|---|---|---|
| 5/16 UNC | M8 × 1.25 | 7.94 na 8.00 | 18 na 20.3 | Huingia mizunguko miwili mitatu, kisha hugoma |
| M10 × 1.5 | 3/8 UNC | 10.00 na 9.53 | 16.9 na 16 | Huingia ikicheza, hukaza ghafla |
| 1/2 UNF | M12 × 1.25 | 12.70 na 12.00 | 20 na 20.3 | Huingia yote kwa vidole, kisha huvua thredi |
| 1/8 BSP | 1/8 NPT | 9.73 na 10.29 | 28 na 27 | Hushika mapema, huvuja baadaye |
| 1/8 BSP | M10 × 1.0 | 9.73 na 10.00 | 28 na 25.4 | Hushika kidogo, kisha hugoma |

Ya 5/16 na M8 ndiyo inayoonekana zaidi, kwa kuwa bolti za M8 zimejaa kila mkebe na bloki za Kiingereza zimejaa 5/16. Ndani ya milimita 10, M8 ina thredi 8 na 5/16 UNC ina 7 na kitu kidogo. Tofauti ni karibu thredi nzima. Ndiyo maana bolti hukubali mwanzoni na kugoma baadaye, na ukiongeza nguvu ya spana unavunja thredi za chuma ambacho hakina huruma. Kanuni ni moja: bolti ya tundu husika huingia kwa vidole hadi mwisho na haichezi. Vyote viwili. Bolti inayoingia kwa vidole lakini inatikisika imeshashindwa mtihani, na hapo ndipo M12 kwenye 1/2 UNF inapowanasa watu, kwani mwendo wake unakaribiana mno na kinachopungua ni upana tu.

Geji ya majani, ile ya vibati vyembamba vyenye meno, inaamua vizuri kwenye matundu mapana. Kwenye tundu dogo jani haliingii. Hapo tumia bolti unayoijua kama geji: kusanya bolti mpya moja ya kila aina, zifunge kwenye waya na kibandiko chenye jina, na zisitumike kwa kazi nyingine. Seti ya 1/4, 5/16, 3/8, 7/16 na 1/2 za UNC na UNF, pamoja na M6, M7, M8, M10 za 1.25 na 1.5, na M12, inatosha kwa karibu magari yote ya zamani yanayoonekana pwani.

Kwa matundu ya oili ya 1/8 ipo geji ya bei nafuu ambayo kila duka la spea Malindi linayo: swichi mpya ya presha ya oili ya Toyota. Thredi yake ni 1/8 BSP ya kupungua, 28 kwa inchi. Izungushe kwa vidole. Kwenye tundu la BSP itaingia mizunguko kama minne na kuwa imara bila kutikisika. Kwenye tundu la NPT itaingia ikilegea na kucheza, maana NPT ni pana zaidi ya nusu milimita. Kujaribu kutofautisha 27 na 28 kwa macho ndani ya tundu la sentimita moja ni kujichosha. Tofauti haifiki hata nusu ya thredi.

Bomba za maji za majumbani Kenya ni BSP, na hii inasaidia: kizibo cha bomba cha 1/2 au 3/8 kutoka duka la mabomba ni geji nzuri ya matundu makubwa ya maji kwenye bloki za Kiingereza na Kijapani. Tumesema geji. Kuhusu kukiacha humo, soma chini.

Uzibe na nini

Kwa tundu lenye kitako, uamuzi wa kwanza ni kama uzibe kabisa. Mbali na bahari ungeliacha. Hapa upepo wa kusi hubeba chumvi hadi chini ya boneti, na baada ya miaka miwili mitatu thredi zitakuwa kutu tupu siku utakayotaka kufunga braketi ya altaneta. Paka thredi grisi, kisha weka bolti fupi inayoishia milimita 3 kabla ya kitako. Bolti isigote. Na grisi isiwe nyingi: tundu lililojaa grisi, maji au oili hadi mdomoni halina pa kuitoa bolti inapoingia, na bolti inayokazwa kwa spana juu ya kimiminika inaweza kupasua nundu. Hii ndiyo ile hatari moja tuliyoitaja. Nyufa kando ya matundu ya bolti zinaweza kuanzia hapo.

Kwa tundu la maji, angalia mdomo. Ukiwa umesagwa kwa ajili ya wosha na thredi hazipungui, weka bolti fupi na wosha ya shaba. Wosha iliyowahi kutumika ipashe moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe, isugue. Inakuwa laini tena. Thredi zikipungua, weka kizibo cha kupungua, na cha brasi ni bora kuliko cha chuma kwa sababu siku ya kukitoa kitatoka. Tepu ya mabomba inakubalika kwenye maji. Presha ya rejeta hizi ni ndogo, mara nyingi chini ya psi 15, kwa hiyo usikaze kama unafunga gurudumu: mkono kwanza, kisha mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kwa spana. Kizibo cha kupungua ni kabari, na kabari hupasua. Urefu wa bolti una maana zaidi kwenye Peugeot 504, ambayo silinda zake ni mikebe inayozungukwa na maji moja kwa moja. Bolti ndefu ikigusa mkebe na kuusukuma, pistoni itajua.

Kizibo cha duka la mabomba kilichopakwa zinki kinaweza kukufikisha Mombasa kama ni cha maji. Kwa oili hapana: zinki hubanduka vipande vidogo, na thredi zake hazikuchongwa kwa makini.

Kwa tundu la oili yenye presha hakuna ubishi. Kizibo cha chuma cha kupungua chenye tundu la alen-ki, cha thredi halisi, kutoka kwa wauza hosi za hydrauliki, pamoja na gundi ya kuzibia thredi inayokauka bila hewa. Pande zote mbili zifutwe kwa petroli hadi ziwe kavu, gundi ipakwe kuanzia thredi ya pili au ya tatu na si kwenye ncha, na iachwe saa 24 kabla ya injini kuwashwa. Tepu ya mabomba isikaribie hapa. Uzi wake ukikatika huingia kwenye njia ya oili, na njia ya oili inaelekea kwenye beringi za krenki. Silikoni ni mbaya vilevile, maana kile kitakachosukumwa ndani hukauka na kuwa punje.

Kwa tundu la krenki, bolti fupi yenye gundi hiyohiyo inatosha. Pima unene wa ukuta kwa ncha iliyokunjwa ya spoku na ukate bolti iishie ndani ya ukuta. Kisha, kabla ya kugusa stata, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigonga mahali, utaisikia kwa mkono badala ya kuisikia kwa mfuko.

Thredi zikiwa zimekufa, uchaguzi unafuata palepale tundu linapoelekea. Koili ya kurudishia thredi ni bora kwa tundu la braketi, nayo hurudisha upana wa asili. Kwa matundu ya maji na oili huvuja kwenye mzunguko wa koili isipofungwa kwa gundi. Kupanda saizi, mfano kutoka 1/8 hadi 1/4 BSP, ni salama zaidi kwa vizibo pale nundu ina nyama ya kutosha: acha angalau milimita 5 za chuma kila upande. Kulehemu chuma cha kusubu bila kuipasha moto bloki nzima ni kuomba ufa.

Lile la kuachwa wazi

Chini kabisa ya nyumba ya flaiwili ya Land Rover za Series kuna tundu lenye thredi ambalo kila mtu anayeosha gari hutaka kuliziba. Liache. Ni la kizibo cha kuvukia maji: hufungwa pale tu gari linapoingia kwenye maji ya kina, kama vile njia za kando ya mto Sabaki zikifurika, na hufunguliwa mara baada ya kuvuka. Muda mwingine wote oili kidogo inayopita kwenye sili ya nyuma ya krenki hutokea hapo. Likizibwa moja kwa moja, oili hiyo hukusanyika na kupanda kwenye klachi, na klachi itaanza kuteleza kwenye mlima wa kwanza ukiwa na mzigo. Tafuta kizibo chake, kipake grisi, na ukiweke kwenye kisanduku cha zana. Na ukiona matone pale chini, hesabu: tone moja moja usiku kucha ni uzee; kidimbwi ni sili.